Haibiskasi Tatu na Ukuta Mmoja

Vichaka vitatu vya haibiskasi vilipandwa siku moja, vyote vipandikizi vya kichaka mama kimoja: haibiskasi nyekundu ya kawaida, ile ya petali tano na ulimi mrefu unaochomoza katikati ya ua. Miaka mitatu baadaye kimoja kimempita mtu kwa urefu, majani yanang'aa utadhani yamepakwa mafuta, na kila asubuhi kinaamka kimejaa maua. Viwili vimedumaa usawa wa kiuno. Majani yao ya juu yamepauka hadi yanakaribia weupe, na matumba yanaanguka chini yakiwa bado yamefumba. Kutoka kile kizima hadi kile kigonjwa kilicho jirani yake ni hatua tatu.

Hatua hizo tatu ndizo kisa chenyewe, na ilinichukua safari mbili kuziona.

Mwenye bustani ni mama mmoja ambaye mkono wake haukauki udongo. Aliniita akisema, "Mwanangu, njoo uniangalizie maua yangu. Nimeyalisha mpaka nimechoka." Jibu lilikuwa ndani ya maneno hayohayo, ila siku ile masikio yangu yalikuwa mbali.

Kwa urahisi wa kusimulia nitaviita vichaka hivi kwa mahali vilipokaa: cha dirishani, cha kati na cha kona. Cha dirishani na cha kati vilipandwa kandokando ya ukuta wa nyumba, kama sentimita 40 kutoka kwenye msingi, ukuta wenyewe ukitazama magharibi. Cha kona kilikuwa mche wa ziada. Hakikuwa na nafasi ukutani, kikatupwa pembeni pale nyumba inapoishia, kwenye uwazi. Ndicho hicho kilichostawi.

Safari ya kwanza, na kosa langu

Nilifika jioni, jua linazama, nina haraka. Nikaona umanjano nikasema, "Hii ni njaa ya naitrojeni." Nikamshauri atie CAN, mbolea ya naitrojeni, kiganja kimoja kwa kila kichaka, kisha amwagie maji. Mama akafuata maagizo kama alivyoambiwa. Wiki tatu baadaye akanipigia: majani mapya yaliyochipua baada ya ile mbolea yalikuwa meupe kuliko yaliyotangulia.

Nalisema hili wazi kwa sababu kosa hili hulifanya wengi, na mimi sikustahili kulifanya. Swali la kwanza mbele ya jani la manjano si "mmea unataka mbolea gani?" Swali ni "lipi limeanza, la juu au la chini?" Naitrojeni husafiri ndani ya mmea. Ikipungua, mmea unaikomba kutoka kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye machipukizi, kwa hiyo majani ya chini ndiyo hugeuka manjano kwanza, na hugeuka yote, mishipa pamoja na nyama yake. Magnesiamu nayo husafiri. Ikikosekana, majani ya zamani hupauka kati ya mishipa, mara nyingi yakibakiza kabari ya kijani karibu na kikonyo. Chuma hakina tabia hiyo. Kikishajengwa ndani ya jani hakitoki kirahisi, kwa hiyo kikiadimika wanaoumia ni wachanga: majani ya juu hupauka, ya chini hubaki kijani kibichi.

Nilikuwa nimesimama mbele ya vichaka viwili vyenye vichwa vyeupe na miguu ya kijani, nikaagiza naitrojeni.

Safari ya pili

Nilirudi asubuhi. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha ya kutosha, na madimbwi yalikuwa bado njiani.

Nilichuma jani changa la kileleni mwa kichaka cha kati, nikaliinua kuelekea jua. Nyama yake ilikuwa rangi ya malai. Lakini mishipa, kuanzia ule mnene wa katikati hadi vile vinyuzi vyembamba vinavyokaribia ukingo, yote ilikuwa kijani. Lilifanana na wavu wa kijani uliotandazwa juu ya karatasi. Nikachuma na jani la mwisho chini ya tawi hilohilo: zito, la kijani iliyokolea, halina doa. Hapo suala la naitrojeni likafa. Kilichokosekana ni chuma, labda na manganizi pembeni yake, maana dalili za hivi viwili hukaribiana na mara nyingi huja pamoja.

Kisha nikainama. Chini ya vichaka viwili vya ukutani nilihesabu matumba 14 yaliyoanguka. Nikachukua wembe, nikayapasua moja baada ya jingine kwenye kiganja. Kazi hii inachosha lakini haina mbadala, kwa sababu tumba la haibiskasi linaloanguka kabla ya kufunguka lina wasababishaji kadhaa wasiofanana kabisa. Kuna kijinzi kiitwacho Contarinia maculipennis ambacho hutaga ndani ya tumba changa. Funza wake weupe au wa manjano hula ndani kwa ndani, tumba linageuka manjano na kudondoka, nao wanaingia udongoni kukamilisha ukuaji wao. Kama ni wao, tiba ni kuokota kila tumba lililoanguka na kuliteketeza au kulifungia kwenye mfuko juani, si kuliacha chini wala kulitupa kwenye mboji. Kuna thiripsi, wadudu wembamba kama vumbi la penseli, wanaokwangua petali kabla hazijafunguka. Na kuna matumba yanayoanguka kwa sababu kichaka chenyewe kimeyaachia: ama kilikauka kikalowa kikakauka tena, ama joto lilizidi.

Katika yale 14, mawili yalikuwa na thiripsi. Mengine 12 yalikuwa matupu na safi, petali zimejikunja vizuri mle ndani kama kitambaa kilichokunjwa, hakuna funza, hakuna shimo, hakuna uozo. Kichaka ndicho kilichoyaachia.

Mama alikuwa amesimama karibu. "Na yale yanayofunguka nayo yanakauka siku hiyohiyo," akaongeza. Hilo halina tatizo, nikamwambia. Ua la haibiskasi ya kawaida hufunguka asubuhi na kufumba jioni au kesho yake, ndivyo lilivyo. Utajiri wa kichaka uko katika wingi wa matumba yanayofuatana, si katika umri wa ua moja.

Nikachomeka kidole udongoni chini ya kichaka cha kati, hadi kifundo cha pili. Vumbi. Mvua ya usiku kucha, na udongo ule ulikuwa unatimka. Nikapiga hatua tatu hadi kwenye kichaka cha kona, nikachomeka kidole tena, kikatoka na tope.

Nikatazama juu. Upenu wa paa ulitoka nje ya ukuta kiasi cha sentimita 70. Vichaka viwili vilikuwa chini yake kabisa, cha kona kilikuwa nje yake. Miaka mitatu mvua ilikuwa inanyesha kwenye bustani nzima isipokuwa kwenye ule ukanda wa miguuni pa ukuta.

Siki

Upenu ulieleza matumba, haukueleza weupe wa majani. Mimea mingi hukaa sehemu kavu bila kupauka kileleni. Nikamwomba mama siki.

Kipimo hiki ni cha kienyeji lakini kinasema kweli kwa jambo moja. Chukua udongo mkavu kijiko kimoja, uweke kwenye kisosi, udondoshee siki. Ukichemka na kutoa povu, kuna chokaa huru humo, yaani kaboneti, na udongo wenye chokaa huru kwa kawaida unakaa juu ya pH 7.5. pH ni kipimo cha uchachu: 7 ni katikati, chini yake ni tindikali, juu yake ni alkali. Usipochemka hujapata jibu kamili. Unaweza kuwa wa kawaida au wa tindikali, hapo unahitaji karatasi au vifaa vya kupimia.

Udongo wa kona ulilowa tu. Udongo wa kichaka cha kati ulichemka ukatoa sauti. Mama alisogeza sikio kwenye kisosi, akacheka, "Unalalamika!" Baadaye nilipima kwa vifaa: ukutani usomaji ulizidi 8, kona ulikuwa kati ya 6 na 7, mahali haibiskasi inapopapenda.

Tukachukua sepeto. Sentimita 20 chini tukagonga kitu. Nikadhani ni msingi, lakini ulikuwa ni ukoko: mchanga na sementi vilivyoshikana, mabonge ya lipu, vipande vya tofali, na tabaka jembamba la kijivu kama sakafu. Wakati wa ujenzi mafundi walikorogea sementi pale pale chini ya ukuta. Walipomaliza walisawazisha, wakafunika kwa udongo mwekundu mzuri, na kila mtu akaondoka akiwa ameridhika.

Sementi inaposhikana na maji huzaa chokaa. Chokaa hiyo ikikutana na hewa ya ukaa ya angani hugeuka polepole kuwa kaboneti ya kalisi, kitu kilekile kilichotoa povu kwenye kisosi. Inayeyuka kidogo kidogo kwa miaka na kuushikilia udongo karibu na pH 8. Nje, kwenye uwazi, mvua hupunguza chumvi na chokaa kwa kuzishusha chini. Chini ya upenu hakuna mvua ya kushusha chochote. Upenu na sementi vilikuwa vinasaidiana.

Sasa ile ajabu ambayo mama hakuikubali upesi. Udongo wake ni mwekundu, na wekundu huo ni chuma, ni kutu hasa. "Chuma tele hivi, kisha unaniambia kichaka kina njaa ya chuma?" Ndiyo, kwa sababu mzizi hauli kutu. Mzizi hunywa chuma kilichoyeyuka, na kila pH inapopanda kwa kipimo kimoja, chuma kinachoweza kuyeyuka hupungua takriban mara 1,000. Kutoka 6 hadi 8 ni safari ndefu. Kichaka kilikuwa kimesimama ndani ya ghala lililofungwa.

Mapenzi yaliyozidisha ugonjwa

Hapa ndipo kisa kinaponivutia zaidi, maana kila kitu alichofanya mama, na kimoja nilichokifanya mimi, kilikuwa na nia njema na kilisukuma upande mbaya.

Kila mwezi alikuwa anatia DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi, kwa sababu aliambiwa fosforasi huleta maua. Imani hii imeenea sana na kwa haibiskasi ni balaa. DAP ni 18-46-0, yaani asilimia za naitrojeni, fosfeti na potasi kwa mfuatano huo; karibu nusu ya uzito wake huhesabiwa kama fosfeti, na haibiskasi ni mmea wa fosforasi kidogo na potasiamu nyingi. Wakulima wake wazoefu hutumia mbolea ambayo namba ya katikati ndiyo ndogo kuliko zote, kwa mfano 12-4-18. Fosforasi iliyozidi huungana na chuma udongoni na kukifunga, na hata ndani ya mmea huvuruga matumizi ya chuma. Mbolea ya kuleta maua ilikuwa inayafukuza.

Sisimizi walipopanda kichaka, alimwaga majivu shinani. Sisimizi wenyewe hawali haibiskasi. Wanachunga vidukari wanaonyonya machipukizi na kutoa utomvu mtamu, kama wachungaji na ng'ombe wao. Majivu yaliwasumbua kweli kwa siku mbili tatu. Lakini majivu ya kuni ni alkali kali, pH yake huvuka 10, na miaka mitatu ya majivu juu ya sementi ni kuongeza chumvi kwenye bahari. Cha kona hakikuwahi kupata majivu kwa sababu sisimizi hawakukisumbua, na nadhani hawakukisumbua kwa sababu kilikuwa na nguvu na vidukari wachache, ingawa hilo siwezi kuliapia.

Alimwagilia kila jioni, kidogo kidogo, kwa maji ya kisima. Kichwa cha ndoo yake ya kumwagilia kilikuwa na ukoko mweupe kwenye vitundu, nikaukwangua kwa ukucha: magadi na chokaa. Kila jioni vichaka vilipewa tone la chokaa, na kwa kuwa maji yalikuwa machache yaliishia sentimita chache za juu, yakakauka, yakaacha yalichobeba. Mizizi nayo ikafuata maji juu juu. Saa tisa alasiri ukuta wa magharibi ukiwaka, mizizi hiyo ya juu ndiyo ya kwanza kuungua, na mmea ulioshikwa na kiu ghafla huachia matumba kabla ya kuachia majani.

Na CAN yangu. Ndani yake mna chokaa, imechanganywa kiwandani makusudi. Zaidi ya hapo, sehemu ya naitrojeni yake ni ya aina ya naitreti, na mzizi unapokunywa naitreti huufanya udongo unaouzunguka upande pH kidogo zaidi. Kama ningetaka naitrojeni ya kumfaa yule mgonjwa, ningetumia salfeti ya amonia, ambayo huuvuta udongo kuelekea tindikali. Nilichagua mbolea mbaya kwa tatizo ambalo halikuwepo.

Sabuni aliyonyunyizia vidukari haikumdhuru mtu.

Nini kifanyike

Mama alitaka tumwage siki. Ilimfurahisha kuona povu na ilimwingia akilini kwamba kinachochemka kinakwisha. Nilimzuia. Siki inashusha pH kwa siku chache kisha chokaa iliyobaki inairudisha, na ikiwa kali inaunguza vimizizi.

Salfa ya unga ndiyo dawa ya vitabuni ya kushusha pH. Vijidudu vya udongoni huigeuza kuwa tindikali, kazi ya miezi. Lakini hesabu yake haina huruma: kilo 1 ya salfa inamaliza kama kilo 3 za kaboneti ya kalisi, na pH haianzi kushuka kweli mpaka chokaa huru yote iishe. Pale chini kulikuwa na makarai ya sementi, na ukuta wenyewe unaendelea kumwaga vumbi lake. Salfa inafaa udongo uliopanda kidogo, haifai jalala la fundi.

Chuma cha cheleti kilibaki. Hiki ni chuma kilichofungwa ndani ya kiambata kinachokilinda kisigeuke kutu. Hapa watu wengi hupoteza fedha, kwa sababu cheleti si moja. Ile ya EDTA huvunjika pH ikivuka 6.5 hivi, ya DTPA inafika kama 7.5, na ya EDDHA ndiyo inayostahimili hata zaidi ya 9. Maandishi madogo ya mfuko ndiyo yanayosema. Ukitia EDTA kwenye udongo wa pH 8 umetia rangi tu. Ya EDDHA maji yake ni mekundu kama damu, usiyamwage kwenye vigae. Salfeti ya chuma, ile ya bei nafuu, kwenye udongo wa aina hii hugeuka kutu karibu mara moja. Kupuliza kwenye majani husaidia majani yaliyopulizwa, si yanayokuja.

Nilipendekeza jaribio badala ya uamuzi. Cha kati tukihamishe nje ya upenu. Cha dirishani kibaki palepale, kipewe cheleti ya EDDHA, maji ya mvua ya pipa badala ya kisima, kunyweshwa kwa kina mara mbili kwa wiki badala ya kudonoa kila jioni, matandazo ya majani makavu unene wa kiganja bila kugusa shina, na DAP na majivu vikome. Kabla ya yote tulikata vipandikizi sita kutoka kichaka cha kona, unene wa penseli, urefu wa sentimita 12 hivi, majani ya chini yametolewa na ya juu yamekatwa nusu, tukavichomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji na kuviweka kivulini. Vinne vilishika baada ya wiki sita. Hiyo ilikuwa bima.

Kuhamisha

Tulisubiri mwanzo wa mvua. Siku moja kabla, kichaka cha kati kilinyweshwa hadi udongo ukalegea. Nilikipunguza theluthi moja kwa mkasi. Kuna wanaokata hadi magoti, nami siwafuati, kwa sababu haibiskasi hutoa matumba kwenye ukuaji mpya tu, na kichaka dhaifu ukikinyang'anya majani yote unakinyang'anya na mkono wa kujilisha. Kisha nikazungusha sepeto kwa umbali wa sentimita 30 kutoka kwenye shina.

Upande wa ukutani sepeto halikukata chochote. Lilipita kama kwenye mchanga. Upande wa nje lilikwama kila lilipoingia. Tulipokiinua na kukiosha mizizi kwa ndoo ya maji, nilimwita mama aje aone: mizizi yote ilikuwa imelala upande mmoja, ikielekea uwazini, kama nywele zilizochanwa kwa kitana. Ule mkubwa kuliko yote ulikuwa umetoka chini ya upenu na kusafiri kuelekea kilipo kichaka cha kona. Kwa miaka mitatu kichaka kile kilikuwa kinajaribu kuhama chenyewe.

Nilitafuta pia vinundu. Minyoo fundo, wale wadogo wa udongoni wanaovimbisha mizizi, huipenda haibiskasi kama wanavyoipenda bamia, nduguye wa ukoo mmoja, na mizizi yenye vinundu inaweza kuleta umanjano na udumavu kama huu. Mizizi ilikuwa laini. Nilifarijika, maana mmea wenye minyoo ungekuwa umehamisha tatizo pamoja nao.

Shimo jipya lilikuwa na upana mara mbili ya bonge la mizizi na kina kilekile, shina halikuzikwa zaidi ya lilivyokuwa. Udongo wa palepale, mboji kidogo, kivuli cha makuti kwa wiki mbili. Mbolea hakuna hadi kitoe majani mapya. Mama aliniuliza mara nne kama kweli hakuna mbolea hata kidogo.

Yaliyofuata

Kichaka cha kati kilipukutisha karibu majani yote. Wiki ya tatu kilikuwa fimbo, na mama alikuwa ameshaanza kunisamehe kwa sauti ya upole. Wiki ya tano vifundo vilivimba. Majani yaliyotoka yalikuwa kijani tangu siku ya kwanza, na tumba la kwanza kufunguka lilikuja mwezi wa nne tangu kuhamishwa.

Cha dirishani kilinifundisha zaidi. Siku 12 baada ya cheleti, machipukizi yalitoka kijani safi, na mama akanipigia kuniambia kwamba tumehangaika bure kukihamisha kile kingine. Yale majani meupe kabisa hayakurudi, yale ya manjano hafifu yalirudi. Kuanguka kwa matumba kulipungua ndani ya mwezi, nadhani kwa sababu ya maji ya kina na matandazo kuliko chuma. Kisha miezi mitatu ikapita, cheleti ikaisha, na kilele kikaanza kupauka tena. Tukatia mara ya pili, kikarudi. Ningeweza kumwambia aendelee hivyo miaka yote, na wapo wanaofanya hivyo kwa kichaka wanachokipenda sana. Lakini ni kumweka mgonjwa kwenye dripu maisha yake yote wakati nje ya mlango kuna hewa. Mvua zilizofuata tulikihamisha nacho.

Ukandani pale tulipanda mishubiri, ambayo upenu, chokaa na ukuta wa moto vyote haviihangaishi.

Nilipita tena hivi karibuni. Vichaka vitatu sasa viko kwenye mstari mmoja uwazini, na mgeni hawezi kujua kipi kilikuwa kipi. Nilizunguka hadi nyuma ya kile cha kona, kile ambacho hakijawahi kuumwa, na upande wake unaotazama ukuta nikakuta tawi moja lenye majani matatu ya kileleni yaliyoanza kuonyesha mishipa. Mizizi yake imekua, imefika kwenye jalala kutoka upande wa pili. Nilimwonyesha mama. Hakuuliza mbolea. Aliingia ndani akatoka na chupa ya siki na kisosi, na hapo ndipo nilipogundua vijiti vilivyochomekwa huku na huku uani, vingine vimefungwa uzi mwekundu.

"Hivyo vyenye uzi," alisema, "ni pale panapolalamika."